Tunapotupa Sampuli, Tunatupa na Jina

Kila aliyefanya kemia sekondari ameshika karatasi ya litmasi. Unaichovya kwenye maji ya ndimu inakuwa nyekundu, kwenye maji ya sabuni inakuwa ya bluu, unajaza jedwali, unachukua alama zako na kwenda zako. Wachache tuliambiwa kwamba rangi ile asili yake ni likeni, hasa za jenasi Roccella. Katika karne ya 19 likeni za jenasi hiyo zilikusanywa pwani yetu ya Afrika Mashariki na kusafirishwa kupitia Zanzibar kwenda Ulaya, zikatumike kutia nguo rangi ya zambarau. Mchuuzi wa wakati ule hakuwa na shida na jina la Kilatini. Shida yake ilikuwa gunia na mizani.

Sisi wa botania shida yetu ni jina, na ndilo linalonifanya niandike. Humu vyuoni tumezoea kulichukulia jina la spishi kama pambo la ripoti. Unalipachika, unalilaza herufi zake, msimamizi anaitikia kwa kichwa, na ile sampuli yenyewe inaishia kwenye pipa la taka wiki ya mwisho ya muhula. Nasema huu ni uharibifu. Kwa likeni ni uharibifu mara mbili, maana ni kundi ambalo majina yake bado yanahama, na anayeyahamisha anahitaji kuona kitu, hawezi kuona ripoti yako.

Kwa wenzangu wa sheria na biashara, nieleze kidogo. Likeni ni yale mabaka ya kijivu, ya kijani au ya manjano unayoyaona kwenye magome ya miembe na kwenye mawe, pamoja na zile ndevu zinazoning'inia kwenye miti ukipanda Kilimanjaro na kupita ukanda wa msitu. Si mmea. Ni fangasi anayeishi na mwani, au na bakteria wa kijani-bluu, au na wote wawili. Fangasi anajenga nyumba, mwenzake anapika chakula kwa mwanga wa jua. Mswisi Simon Schwendener alipolisema jambo hili miaka ya 1860, wakubwa wa fani walimwona amepotoka, na William Nylander, aliyekuwa bingwa wa likeni wa enzi hiyo, alimpinga kwa nguvu zote. Leo hakuna anayebisha. Ila kanuni za majina ziliamua jambo la ajabu kidogo: jina la likeni ni jina la yule fangasi peke yake. Mwani ana jina lake mbali. Ni ndoa ambayo cheti kimeandikwa jina la upande mmoja.

Sasa jina lenyewe linafungwaje? Hapa ndipo wengi tunapoteleza, hata walio mwaka wa tatu. Tunadhani jina linafungwa kwenye maelezo yaliyo kitabuni: rangi hii, upana huu, vijitundu hivi. Sivyo. Kanuni za kimataifa za majina ya mwani, fangasi na mimea zinalifunga jina kwenye kielelezo kimoja, na kwa kawaida hicho ni kipande halisi kilichokaushwa, kipo kwenye bahasha, bahasha ipo kwenye kabati la hebaria fulani, na ina namba. Tukiite kielelezo mama. Aliyeandika maelezo anaweza kuwa alikosea, alikuwa na hadubini mbovu, au alichanganya spishi mbili ndani ya sentensi moja. Kielelezo mama kinabaki. Siku spishi moja ikigundulika kuwa ni tano, jina la zamani linakwenda kwa ile ambayo kielelezo mama kimeangukia, nyingine nne zinatafutiwa majina yao. Siku mbili zikigundulika ni moja, jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki, na kwa likeni hesabu inaanzia mwaka 1753, alipotoa Linnaeus kitabu chake. Linnaeus, kwa taarifa yako, alizirundika likeni zote alizozijua kwenye jenasi moja aliyoiita Lichen, akaendelea na maua yake. Hakuzipenda. Lakini vipande vyake vipo London hadi leo na mtu anaweza kwenda kuvitazama.

Na kielelezo mama kikipotea? Kinatafutwa kingine kati ya vile ambavyo mwandishi wa kwanza alivitumia. Kama navyo havipo, kinateuliwa kipya. Hili si jambo la kufikirika kwetu. Hebaria ya Berlin iliteketea kwa mabomu mwaka 1943, na humo vilikuwemo vielelezo vingi vilivyokusanywa Tanganyika enzi za Wajerumani. Majina ya mimea ya nchi hii yakabaki yanaelea, wataalamu wakaanza kuzunguka hebaria nyingine kutafuta nakala. Pale ambapo mkusanyaji alikuwa amegawa vipande, kimoja Berlin na kingine kwingine, jina liliokoka. Pale alipoweka vyote sehemu moja, kazi.

Mfano unaotugusa zaidi si wa likeni, ni wa migunga. Wote tulifundishwa Acacia. Halafu tukifika chuo tunakuta Vachellia na Senegalia, watu wanalalamika kwamba wazungu wamebadilisha tena. Kilichotokea ni hiki. DNA ilionyesha kwamba Acacia ile kubwa ilikuwa ni jenasi kadhaa. Kielelezo mama cha jina Acacia kilikuwa cha mti unaoota Afrika na Asia, kwa hiyo kwa kanuni ya kawaida jina lingebaki huku, na Australia, yenye spishi karibu 1,000, ingetafuta jina jingine. Ikapelekwa hoja ya kuhamisha kielelezo mama kiwe cha mti wa Australia. Kwenye kongamano la Vienna mwaka 2005 zaidi ya nusu ya kura zilikataa hoja hiyo, lakini utaratibu ulitaka asilimia 60 ili kuikataa. Haikufika. Melbourne mwaka 2011 wakathibitisha. Miti ni ileile, na twiga anakula majani yaleyale, lakini jina limehama bara. Unaweza kukasirika, mimi bado nina kinyongo kidogo, ila angalia kilichopigiwa kura: ni kipande kipi cha mti kilichokauka kiwe mama. Anayedhani vielelezo ni takataka aje aniambie walikuwa wanagombea nini Vienna.

Turudi kwenye likeni, kwenye spishi zinazofanana kama mapacha. Chukua Usnea mbili za Antaktika, U. antarctica na U. aurantiacoatra. Moja huzaa kwa vikombe vyenye mbegu za fangasi, nyingine husambaa kwa unga unaobeba fangasi na mwani pamoja. Ukiondoa hilo, ni ndevu zilezile. Tafiti za DNA zilizotumia jeni chache zilishindwa kuzitenganisha, ikaonekana labda ni spishi moja yenye njia mbili za uzazi. Mwaka 2018 zikaja tafiti zilizosoma sehemu nyingi zaidi za DNA, mojawapo maelfu ya vipande, na zikajitenga pande mbili. Kwa hiyo yule anayesema "tuachane na haya mambo ya kabati, DNA itaamua" ajibu kwanza: DNA ya mwaka gani? Na ukishapata jibu la DNA, utajuaje jibu hilo linaitwa nani? Mfuatano wa herufi nne kwenye kompyuta hauna jina. Jina unalipata ukiweza kuurudisha kwenye kipande, na kile kipande ukakilinganisha na mama.

Kuna kisa cha Amerika Kaskazini ambacho nikikifikiria sana hunifanya nisite hata mimi ninayetetea kanuni. Kwenye misitu ya Montana na British Columbia kuna likeni za nywele za jenasi Bryoria. Moja, B. fremontii, ni ya kahawia, na wenyeji wa asili wa huko wameila kwa vizazi vingi, wakiipika kwenye mashimo yenye mawe ya moto. Nyingine, B. tortuosa, inaelekea njano, imejaa asidi ya vulpini, na ni sumu. Wenyeji walizitofautisha bila hadubini. Halafu wanasayansi wakapima DNA ya fangasi wa zote mbili, na hawakuona tofauti. Kanuni inasema jina la likeni ni la fangasi. Fangasi ni mmoja. Basi ni spishi moja, na jina lililotangulia, fremontii, linameza lile jingine. Chakula na sumu vikaingia kwenye jina moja!

Mwaka 2016 Toby Spribille na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science kwamba ndani ya ganda la likeni hizo kuna mkazi wa tatu ambaye hakuna aliyemtarajia, hamira fulani, na kwenye ile ya sumu hamira hiyo imejaa zaidi. Kama ndiyo inayosababisha sumu au la, hilo ni jambo jingine na mjadala wake haujafungwa. Ninachotaka uone ni kwamba swali liliwezekana kuulizwa. Kulikuwa na vipande vya njano na vya kahawia, vina lebo, vinasema vilitoka wapi. Angekuja mtu akatupa vyote kwa kuwa "si jina ni moja?", hadithi ingeishia pale. Kuunganisha majina hakukupi ruhusa ya kuunganisha bahasha.

Upande wa pili wa mambo ni Amerika ya Kati na Kusini. Kuna likeni inayofanana na sikio la kijivu, inaota sana kwenye milima ya Andes, na kwa muda mrefu vitabuni ilikuwa spishi moja, Dictyonema glabratum. Mwaka 2014 Robert Lücking na wenzake walitoa hesabu yao: walichokuwa nacho mkononi ni spishi 126, sasa zikiwa kwenye jenasi Cora, na wakakadiria kuwa zote zinaweza kuzidi 400. Kutoka moja! Miaka michache baadaye wakachapisha majina mapya 70 kwa mkupuo. Mojawapo ya ndugu zake ilipewa jina Cora timucua mwaka 2020. Ni ya Florida, na ilitambuliwa kutokana na vielelezo vya zamani vilivyokuwa vimelala hebaria kwa jina lisilo lake. Porini huenda imeshatoweka. Yaani mtu wa karne ya 19 alichuma kitu asichokijua, akakiandikia lebo yenye jina lisilo sahihi, akakihifadhi vizuri, na ndiye aliyetupa spishi nzima. Lebo yake haikuwa sahihi, lakini bahasha yake ilikuwepo.

Sasa njoo kwetu. Kila mwaka kuna wanachuo wanaofanya mradi wa likeni kama kipimo cha hewa chafu, na ni wazo zuri, la tangu Nylander yuleyule alipoona likeni zinapungua Paris mwaka 1866. Unapima miti ya kando ya barabara kuu, unapima miti ya msituni, unalinganisha. Gharama ni nauli na rula. Lakini fungua orodha ya spishi mwishoni mwa ripoti. Utakuta "Usnea sp. 1", "Usnea sp. 2", "Parmotrema sp.". Huyo ni mkweli, nampa heshima yake. Ukurasa unaofuata mwingine kaandika jina kamili la spishi ya Ulaya, kapiga picha kwa simu na programu ikamwambia. Ukiuliza sampuli iko wapi, unaangaliwa kama umeuliza mahari.

Usnea haitajwi kwa picha, jamani. Unavuta tawi uone uzi wa katikati unaonyumbuka kama mpira. Kuna kundi ambalo uzi huo ni mtupu ndani kama mrija. Unakata wembe upime unene wa ganda, wa nyama, wa uzi. Unadondoshea dawa uone rangi: tone la potasi, na tone la jiki, hii hii ya kufulia, ambayo kwenye vitabu vya likeni huandikwa kwa herufi C. Mapacha wengi wanatofautiana kwa kemikali tu. Picha huwezi kuidondoshea jiki.

Na hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 1979 T. D. V. Swinscow na Hildur Krog walichapisha kazi ndefu kuhusu Usnea za Afrika Mashariki, na mwaka 1988 wakatoa kitabu cha likeni kubwa za ukanda wetu, ambacho mpaka leo ndicho tunachoanzia. (Swinscow alikuwa daktari na naibu mhariri wa jarida la BMJ. Ndiye pia aliyeandika Statistics at Square One, kwa hiyo wenzangu wa udaktari mnaolia na takwimu, mzee ni huyohuyo. Likeni alizifanya kwa mapenzi.) Watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Field Museum ya Chicago wameshaanza kupitisha DNA kwenye likeni za Kenya, na wameonyesha kwamba baadhi ya majina tunayoyatumia yameficha zaidi ya spishi moja. Maana yake ni kwamba majina ya kitabu cha 1988 yatahama. Baadhi yatapasuka, baadhi yataungana. Hilo halina ubaya, ndivyo kazi inavyokwenda.

Swali ni ripoti zetu zitakuwa wapi siku hiyo. Fikiria ripoti ya miaka 20 iliyopita iliyohesabu spishi moja kwenye miti 50 ya mjini. Leo spishi ile imegawanywa mara tatu, na mbili kati ya hizo zinavumilia moshi, moja haivumilii. Kama vipande vipo, saa moja ya hadubini na jiki inairudisha ripoti kwenye uhai. Unasahihisha jina, takwimu zinasimama, unaweza kusema hewa imeharibika au imepona. Kama vipande havipo, ile ripoti ni maneno ya mtu. Hakuna mwenye akili atakayeitumia, na kusema kweli hatupaswi kumlaumu.

Najua majibu, nimeshayasikia korido nzima. Kwamba hebaria zimejaa, kwamba hakuna bajeti, kwamba mradi wa shahada ya kwanza si utafiti wa kweli. La bajeti silikubali kwa likeni. Maua unayabana, unayabadilishia magazeti, unahangaika na ukungu na wadudu. Likeni unaiacha ikauke kivulini, unaikunjia karatasi ya A4 iwe bahasha, unaandika: mahali, mwinuko, imeota kwenye gome la mti gani, tarehe, jina lako, namba yako. Umemaliza. Bahasha mia zinaingia kwenye boksi la viatu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria, Arusha ipo ya taifa, Nairobi ipo ya Afrika Mashariki. Aliye mbali na zote hizo anaweza kuanzisha kabati.

Hilo la kwamba sisi wa shahada ya kwanza hatufanyi utafiti wa kweli ndilo linaloniudhi. Vielelezo mama vingi vya likeni za milima yetu viko Ulaya kwa sababu waliovichuma waliondoka navyo, na waliondoka navyo kwa sababu walijua vina thamani. Tukipanda mlima uleule, tukachuma likeni ileile, halafu tukaitupa sisi wenyewe, huyo wa kulalamikiwa ni nani?

Ninachoomba ni kitu kidogo na kina anwani. Mwongozo wa miradi wa kitivo una ukurasa mzima kuhusu ukubwa wa pambizo na aina ya herufi. Iongezwe sentensi moja: mradi wowote unaotaja spishi ya mmea, mwani au fangasi uoneshe namba ya kielelezo kilichopokelewa na hebaria, la sivyo sehemu ya mbinu za utafiti isipewe alama. Waziri wa taaluma wa serikali yetu anaingia kikao cha kitivo, hoja hii anaweza kuibeba. Na asiyejua jina aruhusiwe kuandika "Usnea sp." bila kukatwa maksi, mradi bahasha ipo. Tukiendelea kuwakata maksi wanaosema hawajui, tutaendelea kuletewa majina ya kwenye simu.

Wakati hayo yanasubiri kikao, wanaomaliza mwaka huu sampuli zao bado ziko kwenye mifuko ya rambo pale nyuma ya maabara, chini ya sinki. Mifuko inatunza unyevu, kwa hiyo toeni, tandazeni kwenye magazeti, andikeni lebo kabla hamjasahau mti upi ulikuwa upi. Usafi wa kufunga muhula huanza Jumatatu.